Mshenga wa Kidato cha Tatu

Nimekiri wizi wa mbuzi mara nyingi kuliko mwizi yeyote wa Usambara. Nimekiri kuvunja duka, kusogeza mpaka wa shamba, kumpiga mke, na safari moja nimekiri kupigwa na mke, yote kwa mdomo wangu huu, nikiwa nimesimama wima mbele ya hakimu, na sijawahi kulala mahabusu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama pale Lushoto mpaka nilipostaafu. Mzee asiyejua Kiswahili akisema kwa Kishambaa, "Mbuzi nilimchukua, lakini alinifuata mwenyewe," mimi sikusema kwamba mzee anadai hivi na hivi. Nilisema, "Mbuzi nilimchukua, lakini alinifuata mwenyewe," na watu wakicheka walimcheka yeye, si mimi.

Vijana wa siku hizi huniuliza kazi hiyo niliisomea chuo gani. Swali lenyewe hunipandisha hasira kidogo, kama vile hakuna kitu mtu anaweza kukijua bila cheti cha kukijua. Sikusomea chuo. Niliisomea katika Chama cha Wakalimani, alasiri za Alhamisi, kwenye darasa lenye dirisha lililopasuka kioo, nikiwa nimevaa sweta la shule linalonuka moshi.

Shule yetu ilikuwa juu ya mji, njia ya kwendea Magamba, pale msitu unapoanza na ukungu unapoingia darasani bila kubisha hodi. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Asubuhi tulisoma, mchana tulilima viazi na kabichi za shule, na Alhamisi jioni kila mwanafunzi alitakiwa awe katika chama. Kulikuwa na Chama cha Kiingereza, kilichojaa watoto waliopenda kujisikia wakiongea. Kulikuwa na Chama cha Wakulima, ambacho kwa maoni yangu kilikuwa adhabu tu, maana kulima tulikuwa tumeshalima. Kulikuwa na Chama cha Ushonaji, na kulikuwa na chetu.

Chetu alikianzisha Mwalimu Sefania, mtu wa Tukuyu aliyeletwa kwetu na Wizara kufundisha historia. Alikuwa mrefu, mpole, na kiwiko cha koti lake kilikuwa kimetoboka. Alipofika alishangaa kuona kina mama wa milimani wakishusha kabichi sokoni na kuuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu wanunuzi kutoka Tanga waliongea Kiswahili haraka haraka nao hawakuelewa. Akasema hiyo ni kazi ya kufundishwa kama useremala, na mtoto wa Usambara anayejua lugha mbili ana randa na msumeno mkononi tayari.

Sheria zake zilikuwa chache. Usipunguze, usitie chumvi, na usiseme "amesema". Ukisimama katikati ya watu wawili, wewe ndiye yule anayesema. Akisema "mimi", na wewe sema "mimi". Akitukana, tukana. Aliyeteleza akaanza na "amesema" alipeleka mzigo wa kuni jikoni kwa wapishi. Mwalimu hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa akiinua kidole kimoja na kusema taratibu, "Kuni," basi, nawe ulijua jioni yako imekwisha.

Mazoezi tulifanyia sokoni siku za gulio. Nakumbuka nilimwambia mnunuzi mmoja aitwaye Rajabu, mtu mzima mwenye kofia ya viua, "Mimi kabichi zangu nitawapa ng'ombe kabla sijakuuzia wewe kwa bei ya kunitukana." Rajabu alinitazama, binti wa sekondari mwenye soksi nyeupe, akauliza watu waliosimama pale mtoto huyu kalelewa wapi. Nyuma yangu bibi mwenye kabichi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, maana ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Rajabu akapandisha bei. Tangu siku ile bibi yule kila akiniona alinipa karoti, na mimi niliila palepale bila kuosha. Nilizipenda Alhamisi zile kuliko ninavyoweza kueleza. Ningepewa leo moja tu, ningekwenda nayo na kuni zake.

Sasa, Chama cha Ushonaji kilikutana darasa la jirani, na mwalimu wake alikuwa fundi cherehani kutoka kijijini, dada mmoja aitwaye Yudith, binti wa Mzee Nikodemo. Ukuta ulikuwa wa mbao. Cherehani zikilia Mwalimu Sefania aliendelea kufundisha vizuri. Zikinyamaza, na sauti ya Yudith ikasikika akimwelekeza mtu mshono, Mwalimu alisahau alichokuwa anakisema akabaki ameshika chaki. Sisi tulikuwa tumefundishwa kusikiliza, na tulisikia mambo hayo kabla yeye mwenyewe hajayajua.

Alipokwenda kuposa mara ya kwanza alikwenda na walimu wenzake wawili, mmoja wa Ukerewe na mmoja wa Songea. Baba yake Mwalimu alikuwa amekwisha fariki, na nduguze walikuwa mwisho mwingine wa nchi. Mzee Nikodemo, ambaye ni mzee wa kanisa na alisoma somo la Kiswahili madhabahuni kila Jumapili, aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kishambaa kitupu, kirefu, bila haraka. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Nimewajibu. Mkipata mtu wa kuwaambia nilichosema, rudini."

Alhamisi iliyofuata Mwalimu alisimama mbele yetu akiwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mzima. Alikuwa ameyashika kichwani baadhi ya maneno aliyoyasikia, akatutajia vipande, nasi tukaviunga. Mzee alikuwa amesema hivi: mambo ya shamba na ya serikali nitayasema kwa Kiswahili, lakini binti yangu haombwi kwa lugha ya matangazo ya ofisini. Aombwe kwa lugha aliyobembelezewa.

Tulijua kilichopo hatarini. Mwalimu alikuwa peke yake milimani kwetu, na kama mlango ule ungefungwa asingekuwa na mtu wa kumbishia hodi tena. Ramadhani, aliyekuwa mwenyekiti wa chama na mwenye Kishambaa cha kizee alichokulia kwa babu yake, akasema atakwenda yeye. Mimi nilichukuliwa ili nibebe kapu la sukari na majani ya chai.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Mzee Nikodemo alikaa kwenye kiti cha mgongo, mkewe Mama Raheli kwenye mkeka, na jikoni kulikuwa na wanawake wengi kuliko wanaohitajika kupika chai. Tuliamkia kila mmoja kwa zamu, shikamoo na shikamoo, mpaka magoti yakauma. Mwalimu akasema maneno yake kwa Kiswahili. Ramadhani akasafisha koo, akaanza kwa Kishambaa, "Mwalimu amesema..."

"Kuni," Mwalimu akasema.

Naapa hakukusudia. Neno hilo moja alilijua hata kwa Kishambaa; jibu lilimtoka kwa mazoea, na kidole kikainuka chenyewe. Mzee Nikodemo akauliza kuni zinaingiaje katika posa, ikabidi tumweleze sheria ya chama. Akaifikiria kwa muda, kisha akasema kwa Kishambaa, "Basi hata mimi sitaki 'amesema'. Anayetaka mke aje mwenyewe."

Ramadhani akajaribu tena. "Mimi," akasema, akakwama. Mzee yule alikuwa rika la babu yake, walikuwa wameingia jandoni pamoja. Kijana wa Kishambaa anawezaje kumtazama mzee wa namna hiyo machoni na kusema mimi namtaka binti yako? Nilimwona Mwalimu amefumba macho. Nikaweka kapu chini.

"Mimi ni Sefania wa Tukuyu," nikasema kwa Kishambaa. "Baba yangu hayupo duniani na ndugu zangu wako mbali. Nimekuja mimi mwenyewe kuomba Yudith awe mke wangu."

Jikoni waliangua kicheko mpaka sufuria ikaanguka. Msichana wa Kiislamu, ndani ya sare ya shule, anaoa. Mzee Nikodemo hakucheka. Aligeuza kiti chake kikanielekea mimi, akaanza kuniuliza kama anavyoulizwa mkwe: nakunywa pombe, nasali wapi, shamba langu liko upande gani. Kila swali nililipeleka kwa Kiswahili na kurudisha jibu. Kisha akauliza, "Na serikali ikikuhamisha?"

Mwalimu akajibu kwa Kiswahili, "Nikihamishwa nitakwenda. Nikipelekwa Tukuyu nitafurahi, maana ndiko kwetu. Na Yudith atakwenda nami."

Mama Raheli aliyekuwa mkekani hakujua Kiswahili cha kutosha, alikuwa ananitazama mimi mdomoni akingoja. Ilikuwa rahisi mno kusema hatatoka hapa, mama, tutajenga pale bondeni. Neno moja dogo na Mwalimu angepata mke, na mimi ningekuwa shujaa wa chama. Nikapiga moyo konde nikalisema lilivyo, hata ile sehemu ya kufurahi. Mama Raheli akajifunika uso kwa kanga.

Mzee akauliza, "Akilia huko kwenu, nani atamsikia?"

Nikalipeleka. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu, na sisi tulifundishwa kwamba kimya cha mtu hakijazwi na mkalimani, nikakiacha. "Mimi," akasema mwishowe. "Nitajifunza lugha yake, naye nitamfundisha yangu. Mmoja akilia, mwingine asikie."

Nilipomaliza kulisema kwa Kishambaa, Mzee Nikodemo akahamia kwenye Kiswahili chake cha kanisani. "Yote haya nimeyasikia mara mbili," akasema. "Na mara zote mbili ni kitu kilekile. Huyu binti hakuiba hata neno." Akamgeukia mkewe wakanong'ona, kisha akanionyesha mimi kwa fimbo. "Nimekubali. Lakini kwetu mdomo uliotamka posa ndio mshenga. Nyumba ikivuja, nitauita mdomo huo." Nilidhani ananitania. Ramadhani alipeleka kuni zake jikoni jioni ileile, na alizipeleka bila kunung'unika.

Nyumba ilivuja kabla haijajengwa. Wiki chache kabla ya harusi baba mdogo wa Mwalimu alifika kwa mabasi kutoka Tukuyu, amechoka, amevaa koti zito, amekuja kuwaona wakwe. Mwalimu alimpandisha mpaka kwa Mzee Nikodemo, akasimama njiani kusalimiana na mchungaji, na mgeni akaingia uani peke yake. Yudith alikuwa akimngoja kwa hamu. Akatoka mbio, akapiga goti, "Shikamoo baba," akanyoosha mikono apokee mzigo.

Mzee yule akavuta koti akajifunika uso, akageuka, akaondoka.

Kwetu mgeni anayegeuka mlangoni ni mgonjwa au amepatwa na kizunguzungu. Yudith akachukua jagi la maji akamfuata. Mzee akakaza mwendo. Yudith naye akakaza. Wakazunguka nyumba, wakapita katikati ya miti ya miplamu, wakaingia kwenye viazi, baba mkwe mbele na bibi harusi nyuma na jagi lake, mpaka mzee akaruka tuta la chini akateguka mguu, na hata pale alipoanguka alikuwa bado ameficha uso. Watu wa nyumba nzima walikuwa wamesimama wanaangalia. Yudith akarudi ndani akajifungia. Mzee Nikodemo akasema mwanawe amekimbiwa kama mwenye ukoma ndani ya ua wa baba yake, na kwamba harusi haipo.

Kisha, kwa kuwa ni mtu anayeshika neno lake, akavaa kofia akaja shuleni kunitafuta. Nilikuwa nafua. Mkuu wa shule aliniita ofisini, na sitasahau uso wake. "Mzee huyu anasema anamtaka mshenga wake," akasema. "Nimemwuliza mara mbili. Anasema ni wewe." Nikakausha mikono kwenye sketi nikaondoka na Mzee Nikodemo, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye jiwe ameshika kichwa, na baba yake mdogo chini ya mplamu, ameipa nyumba mgongo, mguu umefungwa kitambaa. Nikamwuliza Mwalimu kulikoni. Akaniambia kwamba kwao baba na mke wa mwanawe hawaonani. Hawapeani mkono, hawatazamani, hawapiti njia moja, na baba mdogo ni baba. Ndiyo heshima yao kubwa kuliko zote. "Niliondoka nyumbani mdogo kwenda shule," akasema. "Nilidhani mambo hayo yamekwisha."

Nilikasirika, na siku ile nilisahau kwamba ni mwalimu wangu. "Umetufundisha Waingereza wanavyoshika uma," nikamwambia. "Umetufundisha Wajapani wanavyoinama. Watu wa kwenu ulikuwa unawaweka kwa ajili ya nani?" Sura yake ilinitia huruma, nikaenda kufanya kazi.

Nilimwomba Mama Raheli afungue mlango wa chumba. Yudith akakaa ndani, macho yamevimba. Baba mdogo akasogezewa kigoda nje, karibu na ukuta, mgongo kwa nyumba. Mimi nikasimama juu ya kizingiti, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Kiswahili mzee alikijua, cha polepole. Yudith naye alikijua kama mimi. Lakini neno lake lisingeweza kwenda kwa Yudith moja kwa moja, kwa hiyo alinipa mimi kwa Kiswahili nami nikaliingiza ndani kwa Kishambaa.

"Mimi nimekukimbia kwa sababu nakuheshimu," nikamwambia Yudith. "Ningekupa mkono, ningekuvunjia heshima wewe na mwanangu. Mimi nimezidi kukimbia, na wewe umezidi kunifuata. Sijapata kukimbizwa hivi tangu nilipokuwa mchungaji wa ng'ombe. Mguu wangu umevimba."

Yudith alianza kucheka kabla hajamaliza kulia, vikagongana kooni. Akajibu, nami nikageuka nje. "Mimi kwetu mgeni asiyesalimiwa ni adui. Ningenyamaza ningekuwa nimekutukana. Sasa niambie, nikitaka kukuamkia nifanyeje?"

Mzee alichezea fundo la kitambaa chake mguuni. Kisha akasema, "Niamkie kwa mdomo huo."

Basi nikasimama pale, nikatazama nje nikasema, "Shikamoo baba," nikageuka ndani nikasema, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" na nje tena, "Sijambo, pole na mguu." Wakaulizana habari za safari, za mvua, za ndizi za Tukuyu na viazi vya Magamba, watu wawili waliotengwa na ukuta wa udongo, na habari zote hizo zilipita kwangu. Mzee Nikodemo alikuwa ameegemea nguzo ya baraza akisikiliza. "Kwa hiyo alikuwa anamheshimu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee," nikajibu.

Akatazama viazi vilivyokanyagwa, akatazama lile tuta. "Alimheshimu sana, basi," akasema, akaingia ndani kuulizia chakula.

Harusi ilifanyika kanisani. Baba mdogo alikaa nyuma ya nguzo, asionwe na bibi harusi, na mimi nilisimama mlangoni na hijabu yangu nikimweleza kila kinachoendelea mbele.

Waliishi, na nyumba yao ilivuja kama za wengine. Mzee Nikodemo aliniita walipogombania jina la mtoto wa kwanza. Aliniita tena siku Mwalimu alipouza cherehani ya Yudith bila kumuuliza. Mzee alipofariki, Yudith akaendelea kuniita yeye mwenyewe, na hakuniita Mwanahawa tena, aliniita Mshenga, hata sokoni mbele za watu. Serikali ilimhamisha Mwalimu kweli, tena Tukuyu, nilipokuwa nimeshaanza kazi mahakamani. Niliwasindikiza mpaka Mombo. Yudith alipanda basi amebeba mtoto mgongoni, hakugeuka nyuma, nami nilirudi mlimani nikilia, nikimlaumu yule msichana wa kidato cha tatu aliyeshindwa kusema neno moja la uongo.

Walikaa huko miaka mingi. Walirudi Magamba wazee, wakajenga palepale penye miplamu. Nilipomuuliza Yudith kama alilia huko, alisema, "Sana." Nikamuuliza kama alisikika. Akasema, "Mwanzoni kwa Kishambaa, kwa sababu yeye alijifunza upesi. Baadaye nililia kwa Kinyakyusa chao, ili na majirani wasikie." Akacheka mwenyewe.

Mwaka juzi aliniita kwa mara ya mwisho. Simu ilisema tu, "Mshenga, njoo." Nikajiuliza, katika umri ule wanagombania nini tena. Nilipanda mlima na mkongojo wangu.

Mwalimu alikuwa amelala kitandani, nusu ya mwili haifanyi kazi. Alikuwa amepigwa na kiharusi, na kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya lugha, lakini si zote. Kiingereza kilikwenda, Kiswahili kikaenda, Kishambaa alichojifunza kwa mapenzi kikaenda. Kilichobaki ni Kinyakyusa cha utotoni. Watoto wao, waliosomea shule za bweni tangu wadogo wakabaki na Kiswahili tu, walikuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam, wamejaa mlangoni na simu zao, na hakuna hata mmoja aliyeelewa baba yao anataka nini. Milima yote ya Usambara ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwelewa.

"Baba aliuliza nani atanisikia mimi," Yudith aliniambia jikoni tukichukua chai. "Hakuuliza nani atamsikia yeye."

Nikaketi pembeni mwa kitanda. "Shikamoo Mwalimu," nikasema. Alinitazama kwa jicho lake zima, akaanza kuongea, polepole, na sikuelewa hata neno. Yudith alisimama kati yetu, mkono kwenye mbao ya kitanda. Akanigeukia. "Amesema..."

Kitandani kidole kimoja kikainuka. "Kuni," Mwalimu akasema.

Watoto wakatazamana. Walisema baadaye kwamba lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kumtoka tangu augue, na wakadhani anaona baridi, mmoja akakimbilia blanketi. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mtandio. Yudith alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akaanza upya.

"Mwanahawa, mimi nimefurahi umekuja," akasema. "Sikuwa na mtu, ukanipa mdomo wako. Asante, mwanangu."

Mwalimu akaendelea, safari hii akitazama dari. Maneno yalikuwa mengi kidogo. Yudith alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama mikono yake. Mwanamke wa kwetu, wa umri wake, hajisifu, hata kwa mzaha, hata mbele ya ndugu.

"Usipunguze," nikamwambia.

Akashusha pumzi. "Mke wangu ni mtu mwema," akasema, sauti yake kavu kabisa, macho yake kwangu. "Nilimtoa kwa mama yake akanifuata bila kugeuka nyuma. Nilimsikia kila alipolia, na mara nyingi nilijifanya nimelala. Sijamwomba radhi. Nampenda tangu nilipomsikia nyuma ya ukuta wa mbao, na sasa ndiye kinywa changu. Mwambie."

Nilikuwa mshenga, na kazi yangu nilikuwa naijua. Nikamgeukia Yudith, nikamtazama machoni, nikamwambia yote kwa Kishambaa, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa "mimi". Alinisikiliza kana kwamba hajayasikia popote.

Kisha akakaa kitandani, akamwinamia mumewe, akamjibu kwa Kinyakyusa, maneno machache. Hayo hakunipa, nami sikuyaomba. Nilichukua mkongojo wangu nikatoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikaokota kuni, nikazipeleka jikoni kwa niaba ya Yudith.